Doto alisoma ukurasa mzima

Doto alisimama, akashika kitabu kwa mikono miwili kama nilivyowafundisha, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. "Mbuzi wa babu amekula mahindi ya jirani. Jirani amekasirika." Alisema jilani na amekasilika, lakini hilo nitalirudia mbele. Nikaliambia darasa limpigie makofi matatu. Kisha nikamuuliza: "Doto, nani amekasirika?"

Akanitazama. Akarudi kitabuni, akaisoma tena sentensi ile ile, safari hii kwa sauti zaidi, maana alidhani sikumsikia. Nikasema, "Vizuri sana. Sasa niambie, nani amekasirika?" Akainama, akaanza kukuna kona ya dawati kwa ukucha. Wenzake wakanyamaza. Mtoto alikuwa ametoka kupigiwa makofi, na sasa alisimama pale akiamini kwamba amekosea kusoma, wakati, ukiacha zile r, hakukosea hata silabi moja.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kufundisha darasa la kwanza katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Nilikuwa na wanafunzi 108 katika chumba kimoja. Wengi wao walifika shuleni na Kisukuma chao kizuri, kilichojaa majina ya rangi za ng'ombe, na Kiswahili cha kuhesabika: shikamoo, ndiyo, hapana, kaa chini.

Ule ukimya wa Doto niliujua. Niliwahi kuwa nao mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Pangani. Kabla sijaijua shule, nilipelekwa chuoni, yaani madrasa, kwenye ukumbi wa nyumba ya maalim, mkeka chini na juzuu juu ya marufaa. Alifu kwa kijiti, be kitone kimoja chini. Alifu fataha a, alifu kasra i, alifu dhuma u. Tuliimba hivyo asubuhi nzima, sauti zetu zikisikika mpaka ng'ambo ya mtaa. Nilihitimu msahafu nikiwa na miaka 10, na nyumbani kukapikwa pilau. Ungenifungulia ukurasa wowote ningekusomea, na madda zake na ghunna zake, yaani mivuto na sauti za puani, na watu wazima wangetikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini ungeniuliza mstari ule unasema nini, ningekuna mkeka kama Doto alivyokuna dawati.

Silisemi hili kwa kukidharau chuo. Kisomo kile ni ibada kwa chenyewe, na maalim hakutuficha kitu. Alituambia, "Leo mnasoma, maana mtaitafuta mkikua." Aliahidi sauti akatupa sauti, na mpaka leo nazishukuru zile asubuhi. Doto tulimwahidi kitu kingine. Tulimwambia kwamba akijua kusoma ataelewa, kwamba humo vitabuni mna sayansi, mna hesabu za maneno, mna dunia. Halafu tukampa mtihani.

Doto alikuwa pacha. Kulwa, dada yake, alikuwa dawati la mbele katika darasa hilo hilo. Tangu akiwa mdogo sana alichukuliwa na shangazi yao anayeendesha mgahawa pale senta, mahali malori ya pamba yanapopumzikia. Kulwa alikua akiwapelekea madereva chai na chapati, na Kiswahili alikipata huko, pamoja na matani na maneno mengine ambayo ilinibidi nimwombe asiyaseme darasani. Doto alibaki nyumbani na ng'ombe.

Siku iliyofuata nikampa Kulwa kitabu. Akasoma kwa mkupuo, kwa lafudhi ya kupendeza: "Mama amekaa chini ya mti mkubwa." Nikatazama ukurasa. Palikuwa na picha ya mama na mti, kweli. Lakini maandishi yalisema: "Mama anafagia uwanja." Nikaifunika picha kwa kiganja. Kulwa akanyamaza.

Miezi saba yote alikuwa amenipita hivyo. Nikiandika ubaoni, darasa linasoma kwa pamoja, naye anadaka sauti za wenzake na kuzirudisha kwa haraka kiasi kwamba unaweza kuapa yeye ndiye anayeongoza. Kuanzia hapo kuimba ubao kwa pamoja nimekupunguza sana. Kunachangamsha, na kwa darasa la watoto 108 kunampa mwalimu pumzi, lakini kunaficha wale wasiojua ndani ya sauti za wanaojua, na ni wengi kuliko unavyodhani.

Basi nilikuwa na mapacha wawili. Mmoja alikuwa na maandishi bila lugha, mwingine alikuwa na lugha bila maandishi. Ningeweza kuwaunganisha ningepata msomaji mmoja kamili.

Mambo haya yalinikaa kichwani mpaka likizo, tulipoitwa kwenye semina ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ule mkazo uliowekwa mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015. Mengi ya siku zile nimeyasahau. Moja sikulisahau. Mwezeshaji aliandika ubaoni kwamba kusoma kwa ufahamu ni uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa, mara uwezo wa kuelewa lugha inaposemwa. Akasema fikra hiyo waliitoa wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, mwaka 1986. Mwalimu mmoja akauliza kwa nini wameweka alama ya kuzidisha badala ya kujumlisha. Mwezeshaji akamjibu kwa swali: tano mara sifuri ni ngapi?

Pale pale nikawaona Doto na Kulwa. Usiku nikaandika daftarini: Doto, moja mara sifuri. Kulwa, sifuri mara moja. Majibu yao yanalingana, na mimi kwa miezi saba niliwapa dawa moja, ba be bi bo bu.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya jambo hili. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Philip Seymour na wenzake, uliolinganisha watoto wa nchi nyingi za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kusoma. Watoto wa Ufini walisoma sawasawa maneno 98 katika kila 100. Watoto wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, walisoma 34. Wa Scotland si wajinga, na walimu wao si wavivu. Kiingereza hakiandikwi kama kinavyosemwa, mtoto hukutana na herufi zile zile zikitoa sauti tofauti kila ukurasa. Kifini karibu kila herufi ina sauti yake moja. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti huo, lakini ukitazama maandishi yetu utaona tuko jirani na Wafini. A ni a mwanzoni mwa neno, katikati na mwishoni. Mtoto akizishika irabu 5 na silabi zake, anaweza kutamka neno lolote hata kama hajawahi kulisikia.

Hiyo ni neema kubwa, na imetudanganya. Mtoto wa Kiingereza asiyelijua neno hukwama mapema, katika kulitamka kwenyewe, na mwalimu anaona. Mtoto wetu asiyelijua neno hulitamka vizuri kabisa na kupita. Mkaguzi akija atasikia darasa linasoma. Mzazi atasikia. Mimi mwenyewe nilisikia, nikaagiza makofi.

Na hata maandishi yetu haya manyoofu hayabebi kila kitu. Andika "barabara". Hakuna alama itakayokuambia kama ni njia ya magari au kitu kilichokaa sawasawa, mkazo uko mdomoni mwako tu. Andika "paa". Ni paa la nyumba au paa wa porini? Sisi wa pwani p mbili hizo tunazisema tofauti, moja kavu na moja ina pumzi, karatasi haijui. Msomaji huyaleta hayo kutoka nyumbani, bila hata kujua kwamba ameyaleta.

Hapa lazima nimtaje bibi yangu, mama yake baba.

Bibi aliandika. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa pwani walivyoandika barua, mikataba na tenzi kwa karne nyingi kabla ya herufi hizi tunazotumia sasa. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi hizo. Mwandiko wa bibi ulikuwa mdogo, umelala kidogo, kwa wino wa bluu. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima na kisomo kikaenea mitaani, bibi naye alikwenda. Akaulizwa kama anajua kusoma, akasema anajua. Akapewa kitabu cha a e i o u. Akakigeuza huku na huku. Basi akaandikwa kwenye daftari: hajui. Alitusimulia hadithi hiyo mpaka uzeeni, na kila alipofika hapo sauti yake ilibadilika. Mtu aliyekuwa akiwasomea majirani barua za waume zao waliokuwa baharini aliandikwa hajui, na aliyemwandika hakumuuliza anasoma nini.

Lakini namna yao ile ya kuandika ilikuwa na jambo ambalo sikuliona mpaka nilipokutana na Doto. Herufi za Kiarabu zina alama za a, i na u tu. Hivyo i na e huandikwa sawa, u na o huandikwa sawa. P mara nyingi iliandikwa kama b. Ukikuta b-i-b-i, basi inaweza kuwa bibi, inaweza kuwa pipi, na sentensi ndiyo ikuamulie. Yaani usipojua Kiswahili huwezi hata kulitamka neno. Kwa bibi, Doto asingeweza kabisa kusoma ukurasa mzima akapigiwa makofi. Maandishi yale yalimlazimisha mtu aje na lugha mkononi, asije mikono mitupu.

Turudi darasani.

Kulwa ndiye aliyekuwa mwepesi kusaidia. Nilidhani nitampa silabi tena, lakini tatizo lake lilianza kabla ya herufi. Hakujua kwamba neno linaweza kukatwa. Kwake kuku alikuwa kuku, mwenye manyoya, anayekimbizwa mgeni akija. Nilimuuliza: "Ukiondoa sauti ya kwanza kwenye kuku, kinabaki nini?" Akafikiri kwa bidii kweli, akajibu: "Kifaranga."

Jibu lile limenifundisha mengi. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1979, José Morais na wenzake walikwenda kwa watu wazima wa vijijini Ureno ambao hawakuwahi kujifunza kusoma, wakawapa kazi ya namna hiyo, kuondoa au kuongeza sauti moja mwanzoni mwa neno. Wengi walishindwa. Wenzao wa maeneo yale yale waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Basi sikio halizaliwi likisikia k na u mbalimbali. Tunaongea maisha yetu yote bila kuhitaji kujua kwamba maneno yana vipande, mpaka herufi zije zituonyeshe. Silabi ni rahisi zaidi, watoto huzipigia makofi bila shida, ku-ku, ma-hi-ndi, na nadhani ndiyo maana ba be bi bo bu imedumu. Lakini ukimwachia mtoto silabi kama wimbo tu, atakuimbia mpaka Desemba bila kuona kwamba ba na bu zina kitu kimoja kinachofanana.

Tukacheza na Kulwa mchezo wa kukata. Nilikata kadi kutoka kwenye katoni za sabuni, kila herufi na kadi yake, akawa anaivuta b mbele ya a, kisha mbele ya u, huku akisema kwa sauti. Na shangazi yake alisaidia bila kuombwa: alimpa kazi ya kuandika ubao wa bei pale mgahawani. Chai. Uji. Maandazi. Maneno yote alikuwa nayo kinywani tangu zamani, yakawa yanasubiri tu kuandikwa. Kufikia Novemba niliifunika picha kwa kiganja na Kulwa akaendelea kusoma.

Doto alikuwa mgumu, kwa sababu hakuhitaji herufi, alihitaji lugha, na lugha haikai kwenye kadi ya katoni.

Lazima nikiri jambo. Katika shule niliyofundisha kabla ya hapo, mtoto aliyesikika akisema Kisukuma alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkute mwenzake mwenye kosa hilo hilo. Nami nilikivalisha. Nilidhani nawasaidia. Sasa nikifikiria mtoto wa miaka 7 anayefunga mdomo siku nzima kwa kuogopa kibao, najiuliza alipata wapi Kiswahili tulichotaka akiseme, maana lugha huja kwa kusema ovyo ovyo kwanza.

Kwa hiyo nilianza na mimi. Jirani yangu, mama muuza mboga, alinifundisha kusalimia, mwangaluka asubuhi, na kuitikia mhola, kisha vitu vya nyumbani. Ngoko, kuku. Mbuli, mbuzi. Minzi, maji. Kila asubuhi, kabla ya kitabu chochote, tulikaa nusu saa tukizungumza tu. Kitu kinaletwa, kinatajwa kwa Kisukuma, kinatajwa kwa Kiswahili, kinasimuliwa. Siku moja nikaileta tena habari ya mbuzi na mahindi ya jirani, kwa mdomo, nikamwomba Kulwa amuulize Doto kwa Kisukuma kama amewahi kuona jambo kama hilo.

Doto alizungumza kwa dakika nyingi. Mikono ilikwenda, alisimama, alionyesha urefu wa mahindi, alimwigiza mzee fulani mwenye fimbo, darasa likalia kwa kicheko. Kulwa alikuwa akinitafsiria kwa vipande. Kumbe mbuzi walioingia shambani walikuwa wa kwao, mchungaji alikuwa yeye, na mwenye shamba alikasirika kweli kweli. Alikuwa anakijua kisa kile kuliko mtu yeyote mle darasani, na alikisoma kitabuni bila kukutana nacho.

Nikaandika ubaoni: minzi. Sikusema kitu. Nikamwelekeza Doto kwa kichwa.

"Mi," akasema. "Nzi." Kwa sauti ile ile bapa ya kila siku. Kisha akasema haraka, "Minzi." Akaacha mdomo wazi. Akageuka akatazama ndoo ya maji iliyokuwa pembeni ya mlango, akanitazama mimi, akatazama ubao, akaitazama tena ndoo. Nilikuwa na mwaka wa saba kazini na sikuwahi kuona mtoto akisoma. Nilikuwa nimeona watoto wakitamka. Siku hiyo niliona neno likitoka ubaoni, likaingia sikioni, likamkuta mwenyeji.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi Kiswahili kiondoke darasani, ni lugha yangu ya mama na naipenda. Doto anaihitaji, na aliipata, polepole, kwa mazungumzo na hadithi na ugomvi wa mpira, na kadiri alivyoipata kurasa zikaanza kufunguka. Nasema tu kwamba mtoto aonje mara moja kusoma neno linaloishi ndani yake, ajue kusoma ni kitu gani. Baada ya hapo hakubali tena kutamka bure. Doto alianza kuniuliza, "Mwalimu, hii ni nini?", swali ambalo kwa miezi saba hakuwahi kuniuliza, kwa kuwa hakujua kwamba hapo palipaswa kuwa na kitu.

Ile r na l haikuisha mapema. Kisukuma hakina r kama ya Kiswahili, na sikio lililolelewa na sauti moja halisikii mbili. Nilipomsahihisha sana, Doto akaanza kuweka r kila mahali kwa usalama, akaniandikia: "Baba amenunua karamu." Kalamu, alitaka kusema. Niliacha kukasirika siku mama muuza mboga aliponitamkia maneno mawili ya Kisukuma, akanirudia mara tano, na mimi nikasikia neno moja. Kisukuma kina irabu 7. Mimi nina 5, na zile nyingine mbili zinapita masikioni mwangu kama upepo.

Mwaka jana Desemba nilikwenda Pangani. Shangazi alifungua kasha la bibi, akanipa barua aliyomwandikia baba yangu mwaka 1974, wakati baba akifanya kazi bandarini Dar es Salaam. Wino wa bluu, mwandiko umelala. Shangazi hasomi herufi zile. Nikaketi kizingitini, nikaanza kuzifuata kwa kidole kama nilivyofundishwa mkekani, be, alifu, nikizitoa kwa sauti. Mstari wa kwanza salamu. Wa pili habari za wagonjwa. Wa tatu nikasoma: "Makoti yote yamechakaa."

"Makoti?" shangazi akauliza. "Makoti ya nani? Nyumba hii ilikuwa na koti moja tu, la babu yako."

Nikaendelea na mstari uliofuata: mvua inaingia mpaka kitandani, ukija uje na pesa ya mengine. Nikanyamaza, nikarudisha kidole nyuma. M-k-w-t-i.

"Makuti," nikasema.

"Ehe," akasema shangazi, akatazama juu, penye mabati sasa. "Makuti. Soma tena."